Namba ya Kuazima

Goodluck alikuwa na tabia ya kupuliza kila daftari kabla ya kulifungua, hata lile alilolifunga nusu saa iliyopita. Alilipuliza, akakohoa, akalisukuma juu ya meza mpaka likagusa mkono wa Sajenti Tatu.

"Umerudi, afande," alisema. "Jumatatu ulikaa hapa dakika kumi, ukapiga picha moja kwa simu, ukaondoka kama mtu aliyeacha wali jikoni. Nikasema moyoni, huyu atarudi."

"Umejuaje?"

"Wanaopiga picha moja hurudi wote."

Tatu alivuta kiti, akakaa, akatoa kwenye mkoba karatasi mbili za daktari wa hospitali ya mkoa. Ya kwanza ilikuwa na mikunjo mingi kwa kufunguliwa mara nyingi. Ya pili ilikuwa safi. Hiyo ya pili alikuwa ameisoma kwa mara ya kwanza jana jioni, na tangu jana jioni hakuwa ametazamana na mtu usoni vizuri.

Kesi yenyewe haikuwa ya kumkamata mtu. Wiki mbili nyuma, wafyatua matofali walikuwa wakichimba mchanga katika shimo la zamani huko Kambi Nane, kando ya tuta ambalo reli ilipita kabla haijang'olewa. Walikuta mifupa ya mtu mmoja. Shingoni kulikuwa na waya ulioliwa na kutu, na kwenye waya kibati cha shaba, mviringo kama kizibo cha chupa, kimegongwa namba 418. Mkuu wa upelelezi alimkabidhi Tatu jalada akasema maneno machache: "Tafuta jina tufunge. Ijumaa saa sita mchana, kama hakuna jina wala ndugu, anazikwa na wale wasiojulikana."

Ndugu alikuwa amejitokeza siku ile ile ya kwanza. Bibi Esperanca, mkulima wa korosho na muhogo kutoka Ziwani, miaka sabini na mitatu, alifika kituoni kwa miguu na kusema yule aliyefukuliwa ni baba yake, Mateus, aliyevuka Ruvuma kuja kujenga reli na hakuonekana tena. Tatu alimwandika. Kisha akaja hapa stoo ya nyaraka, akafungua daftari la vibarua wa reli la mwaka 1950, akatafuta 418. Palikuwa na jina la Nelio. Akatafuta Mateus. Alikuwa namba 302, na mbele ya jina lake karani alikuwa ameandika neno moja: mtoro. Tatu akapiga picha mstari wa Nelio, akaenda Ziwani.

Alichokifanya huko Ziwani ndicho kilichomnyima usingizi.

Alimkuta Bibi Esperanca mbele ya ofisi ya kijiji, kwenye foleni ya salfa ya mikorosho, na watu wapatao arobaini. Hakumwita pembeni. Alisema hapo hapo, kwa sauti ya kituoni: "Bibi, yule si baba yako. Baba yako alitoroka kazini, imeandikwa." Bwana mmoja anayeitwa Bakari, aliyekuwa amekalia mfuko wake wa salfa, akadakia: "Bibi, acha kumtafuta mzee mashimoni. Wako yuko ng'ambo, ana wake wanne." Foleni ikacheka. Na Tatu, Mungu amsamehe, alitabasamu.

Bibi Esperanca alisema jambo moja tu kabla ya kurudi kwenye nafasi yake. "Baba alivunjika mkono wa kulia akiwa mdogo, ukaunga vibaya. Mama aliniambia. Alikuwa akishika jembe hivi." Akapinda kiwiko kuonyesha. Watu wakacheka tena.

Karatasi ya pili ya daktari ilisema: mfupa wa mkono wa kulia, chini ya kiwiko, ulivunjika zamani, miaka mingi kabla ya kifo, ukaunga ukiwa umepinda.

"Nataka ukurasa mzima wa 418," Tatu alisema. "Na wa 302. Kila safu, mpaka ya mwisho."

Goodluck alifungua polepole. Lilikuwa daftari pana, la kufunguliwa kwa mikono miwili. Kila kibarua alikuwa na mstari wake: namba, jina, alikotoka, alama ya mwilini, kisha visanduku thelathini vya siku za kipande chake, yaani kadi yake ya kazi. Siku aliyofanya kazi, alama ya vema. Siku aliyokosa, msalaba. Mwisho kabisa, pembeni, palikuwa na safu nyembamba ya maelezo ambayo picha ya simu ya Tatu ilikuwa imeikata.

Tatu alianza na 302. Mateus. Alama: mkono wa kulia umepinda.

Jumatatu mstari huo ulikuwa hapo hapo, kwa wino mweusi, upana wa kidole kutoka neno mtoro.

"Hesabu vema zake," alisema.

Goodluck alihesabu kwa ncha ya penseli. "Ishirini na nane. Hana msalaba hata mmoja. Tarehe kumi na mbili Juni ni patupu, na kuanzia hapo hakuna kitu; karani alisubiri siku tatu kabla ya kuandika. Tarehe kumi na tano ndipo kaandikwa mtoro."

"Zilibaki siku ngapi kumaliza kipande?"

"Mbili."

"Wewe ungetoroka zimebaki siku mbili?"

"Mimi ningetoroka siku ya kwanza," Goodluck alisema. "Lakini aliyevumilia ishirini na nane, hapana. Huyo anasubiri."

"Sasa 418."

Nelio alikuwa na misalaba miwili mwezi ule. Goodluck, aliyeishi na madaftari yale miaka kumi na moja, alieleza bila kuulizwa: msalaba wa tatu katika kipande kimoja ulikuwa kufukuzwa, na aliyetoka ng'ambo alirudishwa ng'ambo, yeye na mkewe na mtoto. Tarehe kumi na mbili Juni, siku ambayo mstari wa Mateus ulikuwa mtupu, Nelio alikuwa na vema. Na kwenye safu ya pembeni, kwa herufi ndogo: 13/6, kibati kimepotea, kapewa kipya.

Tatu aliweka kidole hapo, hakukiondoa. "Siku hiyo ya kumi na mbili kulitokea nini kambini?"

Goodluck alirudi kwenye rafu, akaleta kitabu kingine, cha mnyapara, akakipuliza. Mwandiko ulikuwa wa Kiswahili, mkubwa, wa mtu aliyejifunzia ukubwani. Alisoma kwa sauti: "Saa tisa udongo umeanguka shimo la mchanga. Watu wamekimbia. Jioni nimeita namba zote za shimo, zote zimeitika. Hakuna aliyekufa. Kazi imehamia shimo la pili."

Nje mtu alikuwa akinadi mizizi ya ming'oko iliyochemshwa, akaita mara mbili, akapita.

"Jioni 418 iliitika," Tatu alisema. "Lakini 418 ilikuwa shingoni mwa mtu chini ya udongo. Kwa hiyo aliyeitika ni Nelio mwenyewe, mzima, hana kibati. Kesho yake akasema kimepotea."

"Na aliyekivaa?"

"Mtu ambaye hakuwa na msalaba hata mmoja. Aliyeweza kupoteza siku yake moja bila kufukuzwa. Nelio alikuwa na shughuli siku ile, akaazimwa siku."

Goodluck alitikisa kichwa. "Ninyi watu wa Kusini. Mwingine anaazima sufuria."

"Mkuu hatakubali bila mtu wa kuthibitisha. Ataniuliza kwa nini 302 alivaa 418, nami siwezi kumjibu kwa kukisia. Nelio aliishi mpaka lini?"

Jibu lilitoka katika daftari la tatu, la kuhesabu watu wa makambi mwaka 1957. Kambi Nane, nyumba ya ishirini na sita: Nelio, miaka thelathini na minane, kibarua wa reli. Mkewe. Mtoto wa kiume mmoja, miaka kumi na sita, jina Mateus.

Tatu alisoma jina hilo mara ya pili, akiwa ameinama zaidi.

"Majina yamegongana tu," Goodluck alisema.

"Kwetu mtoto hapewi jina la mtoro," Tatu alisema. "Anapewa la marehemu."

"Ila mtoto wa Nelio si Mateus. Namjua. Ni mzee Helder wa Rahaleo, seremala. Rafu hizi katengeneza yeye. Helder Nelio. Ni mtoto pekee, kila siku ananiambia alivyokuwa mpweke utotoni."

Tatu alikuwa tayari amesimama. Safari hii alipiga picha kumi na tisa.

*

Karakana ya mzee Helder ilikuwa ua wa nyumba yake, chini ya bati. Alikuwa na miaka themanini na mitatu na bado alipiga randa mwenyewe, ingawa kwa kupumzika kila baada ya misukumo mitano. Tatu alimwamkia, akaitikiwa, akasema ametoka stoo kwa Goodluck, akapewa kigoda. Binti wa mzee, Marlene, alileta maji na kurudi ndani.

"Shelfu za stoo zimeoza?" mzee aliuliza.

"Ziko imara, babu. Nimekuja kumuulizia ndugu yako, Mateus."

Randa ilisimama. "Sina ndugu Mateus."

"Mwaka hamsini na saba nyumbani kwenu alihesabiwa kijana wa miaka kumi na sita. Mmoja tu. Ameandikwa Mateus."

Mzee Helder alianza kuokota maranda yaliyoanguka miguuni, moja moja, kana kwamba alikuwa akitafuta kitu ndani yake. Aliyaweka kwenye kiganja cha kushoto mpaka kikajaa.

"Aliyekuja kutuhesabu alimkuta mama," alisema. "Mama alinitaja kwa jina la jando. Alilipenda kuliko lile la ubatizo."

"Jando ulitoka lini?"

"Siku hizo. Mwaka wa hamsini. Majira kama haya, kijibaridi hivi."

"Tarehe kumi na mbili Juni?"

"Mwanangu, sisi hatukuwa na tarehe. Tulikuwa na vidonda."

Tatu alikaribia kucheka, akajizuia. Alikuwa na hofu ya kucheka wiki hii. "Mzazi lazima awepo siku mtoto anapotoka."

"Lazima. Asipokuja baba, wenzio watakucheka mpaka unazeeka."

"Baba yako alikuja?"

"Alikuja. Alikuwa na kanzu ya kuazima."

"Na namba yake ya kazi, siku hiyo, aliivaa nani?"

Tatu alifungua mkoba, akaweka kibati juu ya meza ya useremala, kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ametia saini kukichukua. Mzee Helder aliinama akakitazama bila kukigusa. Maranda yalimtoka mkononi.

"Jina la jando ulipewa siku ile ya kutoka?" Tatu aliuliza.

"Nilipewa jingine. Siku ya tatu baba akaja akalibadili. Wazee waligomba, jina la jando halibadilishwi. Akawaambia mtamuua mwanangu mkimwita vingine. Wakadhani kalewa." Alikaa kwenye mbao. "Alikufa mwaka themanini na moja. Usiku wa mwisho wa ugonjwa ndipo aliponiambia. Alirudi kutoka jandoni jioni, akakuta mnyapara anaita namba. Ikaitwa yake. Akasema, nipo. Alidhani Mateus yuko nyuma yake mahali fulani, atamrudishia kibati. Akamtafuta kambini mpaka asubuhi."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi alijua."

"Hakusema chimbeni."

"Angesema, wangeuliza namba. Tungevushwa mto wote watatu."

Tatu alikuwa na swali moja zaidi. Angependa liulizwe na mtu mwingine. "Babu, jioni ile baba yako alipoitika, Mateus alikuwa ameshakufa?"

Mzee Helder alitazama randa yake. "Hilo hakuniambia. Na mimi sikumuuliza."

Marlene alikuwa amesimama mlangoni na bilauri tupu. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Baba yake alimwona, akageuza uso upande wa ukuta.

"Baba yako alikutuma?" Tatu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alinituma nikamwambie mtoto wa Mateus. Nilikwenda. Nilipeleka mlango, nilisema ni zawadi ya Krismasi. Mwaka mwingine nikapeleka kitanda. Mara ya tatu sikubeba kitu, ili nisipate pa kujificha. Akanipokea vizuri. Akaniambia, karibu kaka, hakuna mwingine anayenikumbuka. Sasa mtu akishakuita kaka, utaanzia wapi?" Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Miaka arobaini na mitatu. Kila nikipita Ziwani nasikia wajukuu zake wanaitwa wa mtoro. Nazidisha mwendo."

"Naandika maelezo yako," Tatu alisema. "Mkuu ataridhika nayo, mifupa atapewa mwenyewe. Lakini mimi mwenyewe nina deni la maneno pale Ziwani, kwenye foleni. Kesho asubuhi watakuwepo tena, salfa haikutosha. Ungekuja."

"Nikamwambie mbele za watu?"

"Baba yake aliitwa mtoro mbele za watu."

*

Alhamisi foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Bakari alikuwa wa tatu kutoka mbele. Bibi Esperanca alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga imefungwa kifuani, na alipomwona Sajenti Tatu akishuka kwenye gari la kituo alitazama pembeni kwa adabu, kama anayemwepushia mgeni aibu.

Tatu alikuwa amepanga maneno tangu Rahaleo. Alipofika mbele ya bibi yakampotea yote, akabaki na machache.

"Bibi, shikamoo. Jumatatu nilisimama hapa nikasema baba yako alitoroka. Nilisoma neno moja, nikaacha ukurasa mzima. Mkono uliopinda upo. Aliyefukuliwa ni Mateus, baba yako. Hakutoroka. Alikufa kazini, akifanya siku ya mwenzake." Akageukia foleni. "Na nilitabasamu watu walipocheka. Naomba radhi kwa hilo pia."

Bakari aliangalia mfuko wake mtupu, akaukunja mara mbili, kisha mara nne.

Bibi Esperanca alisema, "Mwenzake gani?"

Mzee Helder alikuwa amesimama nyuma ya gari, ameshika mlango. Alikuja kwa hatua fupi mpaka mbele ya ndoo. Hakupewa kigoda, hakuomba.

"Kaka," bibi alisema. "Nawe umekuja kwa hili?"

"Usiniite hivyo kwanza," mzee alisema. Akaeleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kujisahihisha, jando kabla ya shimo, shimo kabla ya namba, lakini hakuacha kitu. Mlango na kitanda alivieleza mwisho.

Bibi Esperanca alisikiliza huku akilainisha pindo la kanga juu ya goti. "Mama alikufa akisema atarudi," alisema mwishoni. "Nikawa namwambia, mama, acha, tunachekwa. Mimi mwenyewe nilimwambia." Akamtazama mzee usoni. "Jina lako la jando nani?"

"Dada..."

"Litaje."

"Mateus."

"Watu wa nyuma hawakusikia."

Mzee Helder alilitaja tena, kwa nguvu zilizobaki. Foleni ilisikia mpaka mwisho.

"Haya," bibi alisema. "Msalaba utauchonga wewe, leo. Jina uliandike kwa herufi kubwa. Kesho utaubeba mbele ya jeneza, kutoka barabarani mpaka makaburini. Huwa anabeba mtoto wa kiume. Baba hana."

"Magoti yangu hayafiki mbali."

"Utapumzika njiani. Amesubiri miaka sabini na minne, atakusubiri na magoti yako."

Bakari alitoka kwenye foleni, akamletea mzee kiti cha plastiki kutoka barazani mwa ofisi. Akarudi, akakuta nafasi yake imechukuliwa. Akaenda kusimama nyuma kabisa bila kuteta.

Tatu alifungua jalada juu ya boneti la gari. Kwenye fomu ya kukabidhi mabaki alifuta jina la Nelio kwa mstari mmoja, akaandika Mateus juu yake, akatia saini pembeni. Chini akaandika: anayepokea, Esperanca, mtoto wa marehemu. Palibaki nafasi ya mtu wa pili. Bibi alikuwa amesimama karibu naye, akiifuatilia kalamu.

"Na huyu muandike," alisema.

"Niandike ni nani wa marehemu?"

Bibi Esperanca alimtazama mzee Helder, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono katikati ya magoti, hathubutu kuinua kichwa.

"Andika jirani," alisema. "Kaka nitamwita kesho, nikimwona amefika."